Mtoto Wetu Anasoma Siasa

Neno lenyewe lilitoka kwa shemeji yangu, ndugu mkubwa wa marehemu mume wangu, sokoni Rodi Kopany siku ya mnada wa ng'ombe. Aliwaambia watu, "Mtoto wetu anasoma siasa." Hakudanganya. Hapo ndipo uchungu wangu unapoanzia, kwamba hata uongo siwezi kumshtakia.

Binti yangu alikuwa chuo kikuu Nairobi, anasomea Siasa na Uhusiano wa Kimataifa. Jina refu kama hilo hakuna mtu wa boma letu angelibeba mpaka sokoni. Shemeji alibeba kipande kilichomfaa, kingine akakiacha njiani.

Mimi shule yangu iliishia darasa la sita. Nashona sare za wanafunzi Migori, kwenye veranda ya duka la vitambaa. Kwetu ni karibu na mpaka, mimi ni Mkuria, na mume wangu alikuwa Mjaluo wa Homa Bay. Kiswahili ndiyo lugha tuliyokutana nayo, na ndiyo mtoto wetu alinyonya. Ndiyo sababu naandika nayo, hata kama mwalimu atakuta pa kusahihisha.

Tuliishi mbali, Bonde la Ufa, mume wangu akiwa fundi wa magari. Baada ya uchaguzi mmoja vijana walikuja kwenye ploti tulipopanga chumba, wakijua mlango wanaoutaka. Mume wangu akatoka kuongea nao, kwa sababu wawili kati yao alikuwa amewafundisha kazi. Mimi nilipita dirisha la nyuma na mtoto, nikaingia mtaroni, nikamlalia juu mpaka kelele zikaisha. Nilipona. Watu husema hivyo, wewe ulipona, kama vile nilikuwa na malaria. Mume tulimrudisha kwao, tukamzika bomani, nje kidogo ya Rodi.

Mtoto alikua akiuliza nani alimuua baba. Mimi jibu langu lilikuwa moja, siasa. Kwa muda mrefu alidhani Siasa ni mtu. Akiwa darasa la kwanza aliniuliza, "Mama, huyu Siasa anakaa wapi?" Nilicheka mpaka nikaacha kukanyaga cherehani. Yeye hakucheka. Nafikiri hata chuo kikuu alikwenda kumtafuta.

Niliwahi kumuuliza hayo masomo ni ya nini hasa. Alikuwa likizoni, amekaa chini anafumua vifungo kwenye shati lililokosewa. Akaniambia, "Ni vile nchi zinaongea ili zisipigane."

"Na zikipigana?"

"Tunasoma ni wapi zilipaswa kuongea."

Nikaona ni kazi nzuri. Alitaka akimaliza arudi huku mpakani, Isebania, atafute kazi na wale wanaosuluhisha mambo ya mifugo na biashara kati ya Kenya na Tanzania. Ndugu za mama yangu wako ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo kwangu hiyo kimataifa haikuwa mbali. Ni kuvuka barabara. Nilishatuona tunakula pamoja kila jioni.

Mwaka wa tatu chuo kilimpeleka Ujerumani, asome huko mwaka mzima. Alituma picha kwenye kikundi cha simu cha familia. Amevaa koti zito, amesimama mbele ya bunge la wenyewe, na darasa lao liko nyuma. Sisi tuliona mtoto anahisi baridi. Shemeji aliona kitu kingine.

Nilijua mambo yameharibika pale mwendesha bodaboda mmoja wa Migori alipokuja kuchukua kaptura za mtoto wake. Kwao ni Rodi. Akasimama mbele ya cherehani, akavua helmeti kwa heshima ya mzaha.

"Mama Mheshimiwa."

"Mheshimiwa wa nani?"

"Usijifiche, mathe. Ukishakuwa mkubwa huko, na sisi utatushonea bure ama utatuma askari watufukuze?"

Akanionyesha simu. Ilikuwa bango, binti yangu na lile koti lake, wale wanafunzi wenzake wamekatwa wakatolewa. Juu limeandikwa NYATHIWA, yaani mtoto wetu, na chini, mwakilishi wa wadi. Kumbe mabango yalikuwa yamebandikwa mpaka kwenye miti ya barabara ya Homa Bay.

Nilifunga cherehani, nikaenda Rodi. Shemeji nilimkuta amekaa nje ya hoteli ya chai na mwenyekiti wa ukoo. Alifurahi kuniona, na hiyo ilinikasirisha zaidi. Akaniita binti wa Migori, kwa Dholuo.

"Nyar Migori, karibu. Leta kiti kwa mama wa kiongozi."

"Shemeji, ni nani alikwambia mtoto anataka kiti?"

"Si anasoma siasa?"

"Anasoma. Hajasema anasimama."

Akamgeukia mwenyekiti, akacheka polepole kama mtu anayefundisha mtoto. "Aliyesomea ualimu anafanya nini? Anafundisha. Aliyesomea udaktari? Anatibu. Sasa huyu aliyepelekwa mpaka Ujerumani kusomea siasa, arudi auze nyanya?"

Neno lake, Mungu anajua, ukilisikia linanyooka.

Mwenyekiti akaongeza, "Na baba yake alikufa kwa ajili ya siasa. Ukoo unamdai huyo mtoto kiti."

"Hakufa kwa ajili yake. Aliuawa nayo."

"Shemeji," akasema yule ndugu ya mume wangu, "wewe ni mtu wa uzi na sindano. Hii maneno ina wenyewe."

Majina yao siandiki, lakini kuanzia Rodi mpaka Homa Bay watu wanawajua. Ni shemeji, ambaye alitaka kuwa mkubwa wa kampeni kwa sababu yeye mwenyewe alisimama akashindwa. Ni mwenyekiti wa ukoo, ambaye aliwaahidi vijana kazi za kaunti kwa mdomo wa mtoto ambaye hakumuuliza. Na ni mchungaji wetu, ambaye Jumapili alimwombea kwa kipaza sauti, akimwita mheshimiwa mbele za Mungu. Yeye nilimtegemea atulize, akapuliza.

Binti nilimwambia yote kwa simu. Nikamsihi akirudi ashukie Migori moja kwa moja.

"Hapana, Mama. Nitapita nyumbani nione kaburi la baba, na niwaeleze. Wakielezwa wataelewa. Kama siwezi kuongea na watu wa kwetu, nitaongea na nchi gani?"

Mwaka wa Ujerumani ulipoisha, nilimpokea Homa Bay na gari dogo la kukodi. Alikuwa amenenepa mashavu, anaongea sana, anauliza bei ya kila kitu kama mgeni. Tulipofika njia panda ya Rodi barabara ilikuwa imezibwa na bodaboda zilizofungwa matawi, na pikapu yenye spika mbili. Shemeji akafungua mlango wa gari kabla hatujasimama vizuri.

Binti yangu alipanda pikapu kwa hiari yake, mkono wangu akautoa kwa upole. Akawasalimu kwa Dholuo, wakashangilia. Akawashukuru. Kisha akasema hatasimama, na kwamba hakuna aliyemuuliza. Akasema masomo yake ni ya kuelewa kwa nini watu kama baba yake huuawa, si ya kutafuta kiti, na akawaomba wabandue picha yake.

Mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, bila hasira hata, "Sasa sisi tulikuja kufanya nini?"

Shemeji alikuwa na kipaza sauti cha pili. Angeweza kusema amekosea. Alisema, "Mnaona? Mzungu amemharibu. Ama ni damu ya mama yake."

Ni hapo vijana walipoanza kusukuma ile pikapu. Dereva wetu aliwahi kumvuta binti yangu akamwingiza garini, na jiwe likapita kioo cha nyuma. Moja tu. Lakini mwili wangu haukungoja la pili. Nilimsukuma chini kati ya viti nikamlalia juu, vile vile, mtu mzima wa chuo kikuu, na sikutoka juu yake mpaka tulipopita Rongo. Hakuumia popote. Alichokipata ni kunibeba nikitetemeka mgongoni mwake, njia hiyo yote.

Kaburi hakuliona.

Alirudi Nairobi kumaliza mwaka wa mwisho, na huko Homa Bay hakukanyaga tena. Shemeji sasa anasimama mwenyewe. Picha ya binti yangu bado iko kwenye bango lake, ameifanya ndogo pembeni. Mwenyekiti alituma ujumbe kwamba mtoto akaombe ukoo msamaha. Mchungaji ananisalimu tu kwa vidole.

Mwezi uliopita binti yangu alikuja Migori, akanikuta napika. Akachukua kisu akaanza kukata vitunguu. Akasema wale wa Ujerumani walikuwa wamempa nafasi ya kuendelea na masomo tangu mwaka ule, naye akaikataa kwa sababu ya Isebania. Sasa wameuliza tena.

"Huko ukienda ni muda gani?"

"Sijui, Mama. Watu wakienda hivyo huwa hawarudi upesi." Hakuniangalia. "Ukisema nibaki, nitabaki. Sema tu."

Nilitaka kusema. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, neno fupi, nimelingoja miaka yote ya kushona. Nje gari la kampeni lilikuwa linapita kuelekea stendi, linaita watu, na niliona mabega yake yamepanda juu kama yangu. Hakujua yamepanda. Mambo hayo mimi najua yanakaa muda gani ndani ya mtu.

"Nenda," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukata, na vitunguu vikatusaidia sisi wote wawili.