Video ya Kwaya Iliyotaka Jembe Lake

Juzi nilikwenda steshenari mjini Moshi kutoa kopi, nikawakuta akina mama wanne wa kwaya kutoka Kibosho wamebanana mbele ya kompyuta. Mpiga video wao alikuwa ameweka wimbo wao mtandaoni, nao walitaka kumaliza ubishi: nani aliendelea kuimba peke yake pale kwaya yote ilipotakiwa kunyamaza?

"Shikamooni mama zangu," akasema dada wa dukani. "Video inataka kwanza niweke programu yake maalumu." Akaiweka. Ikataka nyingine. Simu zao nazo zikagoma.

Mwenye kilemba cha njano, mkubwa wao, akampigia mpiga video palepale, mkono kiunoni. "Mwanangu, mfongo wetu, ule mfereji wa kijiji, unamwagilia mashamba yote, na kila mtu anafungulia maji kwa jembe lolote alilonalo. Wewe video yako inataka jembe lako tu?"

Jamaa akacheka, akaomba dakika kumi, akaiweka upya kwa mtindo wa kawaida ambao kila kivinjari kinauelewa. Weee! Ikafunguka kwenye kompyuta, kwenye simu zote nne, hata kwenye yangu yenye kioo kilichopasuka. Vigelegele! Nami nikacheza, kopi mkononi.

Hiyo ndiyo raha ya kitu kilicho wazi kwa wote: hakimfichi mtu. Wimbo ukafika pale penye ubishi, kwaya ikanyamaza, na kwenye vioo vyote sita kikabaki kinywa kimoja wazi, chini ya kilemba cha njano.

Mama akapiga simu tena. "Mwanangu," akanong'ona, "hebu rudisha lile jembe lako."