Kiti Kipana cha Baba Kipusa

Mama Kipusa alikuwa karani wa dirisha la malalamiko katika ofisi ya maji, na kazi hiyo ilimfundisha kudharau watu kwa adabu. Walikuja na ankara mkononi wakiapa kwamba nyumbani kwao hata bomba moja halivuji, kwamba mwezi mzima walisafiri, kwamba mita imepata wazimu. Aliwatazama juu ya miwani, akawapa pole, kisha akamtuma fundi akafukue uani kwao. Mara nyingi fundi alikuta mpira wa maji uliozikwa chini ya majani, unakwenda zake polepole kwenye bustani ya mboga. Maji hayapotei, Mama Kipusa alipenda kuwaambia wenzake. Yanakwenda mahali.

Zamani dharau hiyo aliiacha kazini pamoja na kalamu na muhuri. Siku hizi alirudi nayo nyumbani, kwa sababu nyumbani alikuwa na mume aliyekonda.

Mume huyo, Baba Kipusa, alikuwa fundi wa makochi, mwenye karakana yake na mafundi wawili chini yake. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Kilo. Alikuwa mnene wa kuhema akifunga kamba za viatu, mnene wa kulala ameketi kwa sababu akilala chali pumzi inamkimbia. Alipofanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo, mkewe ndiye aliyekaa kwenye korido ya hospitali akitafuna kucha. Tuseme ukweli, upasuaji ulimfaa. Magoti yalipona, akaanza kulala kama binadamu wengine.

Lakini kupona kwenyewe kulikuwa na kazi, na kazi ilikuwa ya mkewe. Muuguzi wa lishe aliwaeleza wote wawili: kwanza supu iliyochujwa, kisha vilivyosagwa, kisha vilaini, na hata baadaye ni kisahani kidogo maisha yote. Kila tonge litafunwe mpaka liwe uji. Maji yasinywewe pamoja na chakula. Akisikia dalili ya kushiba aache papo hapo, maana kijiko kimoja cha ziada kitarudi kilikotoka. Zaidi ya yote ajihadhari na vitamu vya majimaji. Hivyo hupita kirahisi, muuguzi alisema, halafu vinakulipizia kwa jasho na moyo kwenda mbio. Mama Kipusa alisaga, akachuja, akashika beseni siku yai la kwanza liliporudi. Mumewe alimlilia kipande cha mkate kama mtoto anayeachishwa ziwa, naye akamfuta machozi.

Suruali zilipoanza kumdondoka, Baba Kipusa aliyasahau yote hayo. Ghafla akawa mhubiri. Akikutana na jirani mnene alimshika bega na kumwambia kwamba mtu mzima hatawaliwi na tumbo. Aliulizwa siri, akajibu neno moja tu, nidhamu, na akalitamka kama amelibuni yeye. Kuhusu upasuaji aliguna kwamba ndiyo, ulimsaidia kidogo. Daktari alikata, mke akasaga, na bwana mkubwa akavuna sifa. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili sasa lilikuwa limemwagwa hata kile kidogo kilichokuwemo.

Halafu kikaja kituko cha kiti. Kichwani pa meza yao palikuwa na kiti kipana ambacho Baba Kipusa alijitengenezea mwenyewe, baada ya viti viwili vya dukani kumvunjikia mbele ya wageni. Mbao zake zilitoka kwenye mlango wa zamani, springi zake zilikuwa nene, na kitambaa chake kilikuwa cha kahawia kisichoonyesha uchafu. Kilikuwa kiti kizuri, pengine kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Jumamosi moja aliwaita mafundi wake wakibebe, akasimama mlangoni mikono kiunoni, akatangaza kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba kikapasuliwe kuni. Majirani wakapiga makofi. Mama Kipusa aliingia ndani akaendelea kuchambua mchele, maana kulikuwa na watu waliopaswa kula.

Na hao waliopaswa kula ndio walioonja joto ya jiwe. Baba Kipusa alikula vijiko vyake vinne vidogo, akaweka kijiko chini kwa mlio, halafu akafunga mikono na kuanza kutazama. Alitazama kila sahani ilivyojaa na kila mdomo ulivyofunguka. Bado tu? aliuliza. Hilo pakuo la pili ni la nani? Mkewe alijibu kwamba ni lake, na la tatu liko njiani. Maneno hayo hayakumwingia. Mwanamke anayetukanwa kutwa na wenye mipira chini ya majani hatishwi na fundi wa makochi.

Yalimwingia Kipusa. Huyo alikuwa binti yao wa pekee, miaka kumi na minne, mwenye mashavu ya baba yake ya zamani na moyo wa kumpenda kupita kiasi. Baba alipoweka kijiko chini, naye akaweka chake. Mwanzoni ilionekana utani. Baba akamsifu, akasema huyu ndiye damu yangu, na utani ukaishia hapo. Msichana akawa anakula vijiko vinne, anasukuma sahani, anamtazama baba yake kusubiri sifa, na sifa zinakuja. Mashavu yakaingia ndani. Siku moja mwalimu wake alimpigia simu mama kazini, akamwambia kwamba mtoto ameanguka uwanjani, na alipoulizwa amekula nini tangu asubuhi alicheka tu.

Mama Kipusa alimkalisha chini bintiye. Alimweleza kwamba baba amekatwa, kwamba mfuko wake hauzidi ngumi ya mtoto mchanga, na kwamba wake yeye ni mzima na unahitaji chakula. Kipusa alimsikiliza kwa uvumilivu ule wa watoto wanaodhani mama zao wana wivu.

"Baba anasema upasuaji ulimsaidia kidogo tu," alijibu. "Kilichobaki ni nidhamu. Mimi nataka kuwa nayo."

Ikabidi mama aende kwa mwenye maneno hayo. Alimwomba mumewe, kwa upole ambao haukumjia kirahisi, amwambie mtoto ukweli: kwamba haachi chakula, bali hawezi kukila. Baba Kipusa alikasirika. Alisema mtoto anajitahidi na mama yake anamvuta nyuma, na kwamba watu wengine wakishindwa kupanda huwashika miguu wanaopanda. Mama Kipusa alimtazama juu ya miwani. Nyani haoni kundule, alijisemea moyoni, akaacha yaishe kwa siku hiyo.

Suruali ndizo zilizomfungua macho. Alikuwa amezipunguza kiuno mara mbili kwa mkono wake mwenyewe, na sasa mumewe alimletea moja na kumwomba aifumue kidogo. Kitambaa kimepungua kwa kufuliwa, alieleza. Mama Kipusa aliigeuza. Ilikuwa suruali ya kitambaa kisichopungua hata ukikichemsha, na fundi wa makochi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akakumbuka pia zile alasiri ambazo mumewe alirudi mapema amelowa jasho, anatetemeka, ameshika tumbo, akasema ni kazi nyingi. Vijiko vinne mezani, na kiuno kinaongezeka. Angeletewa malalamiko ya namna hiyo dirishani, asingehitaji hata kuuliza. Angemtuma fundi akafukue.

Safari hii alikwenda kufukua mwenyewe, saa ya chakula cha mchana. Karakana ilinuka gundi na sponji mpya. Mafundi wawili walikuwa wamekaa nje kwenye benchi, wakamwamkia kwa heshima na wakamzuia kwa heshima vilevile. Bosi yuko stoo, walimwambia, anafanya mazoezi, na ameagiza asisumbuliwe. Kila siku saa hii anafanya. Mmoja akainua kidole ili shemeji asikie mwenyewe, na kweli kutoka nyuma ya mlango springi zilikuwa zinalia taratibu, kwi, kwi, kwi. Vijana walitikisa vichwa kwa kumstahi bosi wao. Mama Kipusa aliujua mlio huo. Ulikuwa umemlilia mezani kwake miaka mingi.

Alifungua mlango. Kiti kipana kilikuwa palepale katikati ya marobota ya kitambaa, hakuna aliyekipasua kuni. Baba Kipusa alikuwa amezama ndani yake kama harage lililobaki ndani ya gunia, amefumba macho, anajibembeleza. Mkononi alikuwa na kopo la maziwa mazito ya sukari, limetobolewa kwa msumari matundu mawili nadhifu, moja la kunyonyea na moja la kupitisha hewa. Kazi ya fundi huonekana hata katika upuuzi wake. Chini ya kiti makopo matupu yalikuwa yamepangwa mstari.

Alipofumbua macho alilificha kopo nyuma ya mgongo, mtu mzima, mwenye mvi kifuani.

"Ni maziwa tu," alisema.

Mkewe aliinama kuyahesabu makopo chini ya kiti.

"Njaa ilitoka tumboni, mama Kipusa, ikahamia kichwani. Huko hawakupasua. Nikikaa hapa nakumbuka nilivyokuwa."

Yalikuwa maneno ya kweli, pengine ya kwanza tangu suruali zimdondoke, na angekuwa hana binti angemhurumia. Njaa ya kichwani ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na muuguzi wa lishe aliwaambia wasione haya kurudi ikiwapata. Angekuja kwake akalia kama alivyoulilia ule mkate, angemfuta machozi tena. Lakini yeye alikwenda kunyonya kopo gizani, kisha jioni akakaa mezani kuhesabu matonge ya mtoto. Mama Kipusa alimtazama na kugundua kwamba hana hasira hata chembe. Alimwona mdogo tu. Alimwambia kiti kinarudi nyumbani leo, kesho watakwenda wote wawili kwa muuguzi, na hilo kopo alilete, asilitupe njiani.

Kiti kililetwa jioni kwa mkokoteni, kikarudishwa kichwani pa meza. Kipusa, aliyekuwa akipanga sahani, alikitazama asielewe. Mama yake alipakua wali na maharage na mayai ya kuchemsha, akaweka kisahani kidogo mahali pa mumewe, na kando ya kisahani akaweka kopo. Baba Kipusa alisimama nyuma ya kiti chake kama mgeni aliyekuja siku isiyo yake.

"Kaa," mkewe alimwambia.

"Nitasimama tu."

"Umesimama vya kutosha mbele ya huyu mtoto. Kaa umwambie."

Alikaa. Springi zikalia, na mlio wake ukajaa chumba. Alianza kwa mazoea kusema kwamba nidhamu, halafu neno likamrudi kama lile yai. Akafuta uso. Kisha alisema, akiitazama meza, kwamba tumbo lake limekatwa. Kwamba si kuwa hataki kula, hawezi. Na kwamba kile kinachoweza kupita, amekuwa akikinywa kazini, mchana, mlango ukiwa umefungwa.

Kipusa alilichukua kopo. Aliligeuza, akayaona yale matundu mawili, akaliweka puani akanusa utamu wake. Mama yake alishika ukingo wa meza kusubiri kilio, kwa sababu kilio angejua la kukifanyia.

"Kila siku?" msichana aliuliza.

"Karibu kila siku."

"Na jana?"

"Na jana."

"Jana ulinisifu kwa kuacha chakula," Kipusa alisema. "Nililala na njaa, baba."

Hakulia. Alimtazama tu baba yake juu ya kopo, bila kupepesa, na Mama Kipusa akautambua mtazamo ule. Ulikuwa wake mwenyewe, ule wa dirishani, aliowawekea wenye mipira chini ya majani. Hakuwahi kutaka kumrithisha mtoto, na kwa hakika si katika umri ule, na si kwa baba yake mwenyewe.

Msichana aliliweka kopo mezani upande wa baba yake. Akavuta bakuli la wali, akapakua, akaongeza maharage, akachukua yai, akaanza kula. Alikula vijiko vinne, na cha tano, na cha sita, bila kugeuka kuangalia kama kuna mtu ameweka kijiko chini. Katika kile kiti kipana Baba Kipusa alikuwa amekaa ukingoni, mikono mapajani, chakula chake kinapoa. Alimwita mwanawe kwa jina la utotoni, lile alilokuwa akimwita akimbeba mabegani.

"Nakula, baba," alijibu Kipusa, na hakuinua kichwa.