Kiamsha Kinywa cha Malkia

Maziwa yanapokaribia kuchemka hutoa harufu fulani, tamu na nzito kidogo, kabla hayajapanda sufuriani. Watu wengi huipenda. Mimi hufungua dirisha. Mume wangu hudhani ni joto la jikoni linalonisumbua, na sijawahi kumweleza. Nyinyi nitawaeleza.

Nilikulia Tetu, juu ya Nyeri mjini, kwenye shamba la majani chai lililoteremka hadi mtoni. Baba alikuwa mzee wa kanisa na mfugaji hodari. Zizi lake lilipata sakafu ya simiti kabla ya nyumba yetu, na wageni walipokuja walipelekwa kuona ng'ombe kwanza, kisha wakamsalimu Mama.

Ndama aliyempenda kuliko wote aliitwa Malkia. Alikuwa mweupe mwenye mabaka meusi, na kope ndefu kama za bibi arusi. Baba alitaka kumpeleka kwenye maonyesho ya kilimo, kwa hiyo hakumwachisha maziwa wenzake walipoachishwa. Kila asubuhi ndoo ya kwanza, yenye joto na povu, ilikuwa yake. Mimi na mdogo wangu Muthoni ndio tuliompelekea, tukishika mpini pamoja. Malkia aliingiza mdomo mzima, akanywa kwa kelele, mkia ukicheza. Maziwa mengine yote yalipanda gari la maziwa kule barabarani. Sisi tulirudi jikoni kunywa turungi, chai isiyo na tone la maziwa, na kiazi kitamu cha jana kama kilibaki.

Baba alikula sebuleni peke yake. Tulisikia kijiko chake kikikoroga, na tulijua kwa harufu siku za mayai.

"Mtoto akishiba asubuhi, analala darasani," alikuwa akisema, kwa upole kama daktari.

Tulimwamini. Tulidhani pia kwamba sisi ni maskini, maana nani mwingine hunywa turungi? Katika shule ya Jumapili, mwalimu alipotuambia tufumbe macho tuombe tunachohitaji, mimi niliomba umaskini utoke kwetu.

Mwaka mmoja baridi ya Julai ilikuwa kali, ukungu haukuondoka hadi saa sita, na Muthoni alikohoa hadi akashika mbavu. Asubuhi moja Mama alibakiza kikombe kimoja cha maziwa na kukimimina kwenye chai yetu. Nakumbuka ile rangi. Tulikuwa bado tunaipuliza Baba alipoingia kutafuta kiberiti.

Hakupiga mtu. Alichukua vikombe vyetu taratibu, kimoja baada ya kingine, akatuita nje, akavimwaga kwenye bakuli la mbwa. Tukasimama hapo hadi mbwa alipomaliza.

"Ukitaka kulisha watu," akamwambia Mama, "hata kwenu kuna ng'ombe."

Mama akachukua vikombe, akaenda kuvisuuza.

Muhula uliofuata, mwalimu wa darasa la Muthoni aliwafundisha kuhusu kiamsha kinywa. Alichora ubaoni yai, uji, ndizi na gilasi ya maziwa, kisha akauliza kila mtoto amekula nini. Zamu ya Muthoni ilipofika, alisimama akasema, "Maziwa. Ilikuwa moto na ilikuwa na povu. Ilikuwa ndoo mzima."

"Kwani wewe ni ndama?" mvulana mmoja akauliza, na darasa zima likacheka, mwalimu akiwemo. Muthoni alinisimulia tukirudi nyumbani, naye akicheka. Alijisifia maziwa aliyoyabeba kwa mikono yake. Nilimwona mjanja sana.

Kisha, siku moja ya kupandisha bendera, alianguka gwarideni. Alianguka kifudifudi, mdomo ukagonga ngazi ya simiti, na jino la mbele likavunjika. Mwalimu mkuu alimwita Baba. Mimi niliambiwa nimshike Muthoni asianguke tena, ndiyo maana nilikuwa ofisini na niliyasikia yote.

"Huyu mtoto anakula kweli?" mwalimu mkuu aliuliza.

Baba alishika kofia yake mapajani. "Mwalimu, kwangu maziwa imejaa. Huyu ni wa kuchagua chakula. Tumechoka na yeye."

Mwalimu wa darasa akakubali kwa kichwa. "Ni kweli. Alituambia mwenyewe anakunywa ndoo mzima." Akamgeukia Muthoni. "Kuna watoto hapa hawajui hata uji, na wewe unachezea maziwa? Omba baba yako msamaha."

Muthoni alikuwa na kitambaa mdomoni, kimelowa damu. Alikiondoa ili asikike.

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe," Baba akasema.

Malkia alishinda kwenye maonyesho. Baba alituvalisha nguo za kanisani ili tupigwe picha tukiwa tumesimama kando ya Malkia, Muthoni akifunga mdomo kwa sababu ya pengo. Wakulima walimzunguka Baba, wengine wametoka hata Murang'a, wakipapasa ngozi ile inayong'aa na kuuliza siri.

"Siri ni asubuhi," akawaambia. "Mnyama mchanga asipokula vizuri asubuhi, hata umpe nini jioni, hiyo siku imepotea. Na hiyo mwili hairudi."

Wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilijivuna. Niliona baba yangu anajua mambo.

Miaka ilipita, nikaenda chuo, nikapangiwa chumba kimoja na msichana wa Doldol. Kwao ukame ulikuwa umemaliza mifugo yote isipokuwa mbuzi wachache. Jioni moja alinisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akigawa maziwa kidogo ya mbuzi, watoto kwanza, kisha vitoto vya mbuzi, akilia kwa kuvihurumia. Nikamwambia kwetu pia tulikuwa maskini, tulikunywa turungi utoto wote. Akanionea huruma. Akauliza kama ng'ombe wetu pia walikufa.

"Hapana," nikasema. "Walikuwa wazima."

"Walikuwa hawatoi maziwa?"

"Walikuwa wanatoa."

Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalize. Kisha akageuka na kuanza kukunja nguo zake.

Msiniulize kwa nini ilibidi mgeni anionyeshe. Umaskini ningeusamehe, umaskini hauna mtu ndani yake. Usiku ule ndipo nilipoanza kumwona mtu.

Baba amezeeka sasa. Nikienda kumsalimia, jambo la kwanza ananiuliza ni kama nimekula, na mimi humwambia nimeshiba.