Bwawa Tumboni

Niliporudi nyumbani Gehandu baada ya miaka mingi ya kuzunguka, mama alilifurahia tumbo langu. "Huko ulikokuwa wamekulisha vizuri," alisema. Sikumwambia kwamba nikilala ubavu, kulikuwa na kitu ndani kinachohamia upande huo, polepole, kama ndama anayejigeuza usingizini.

Maumivu yalipozidi, baba alinipeleka hospitali, Mbulu. Kwenye kioo cha kipimo niliona doa jeusi, tulivu, kama bwawa linaloonekana kutoka mlimani. Daktari alisema ni mfuko wa maji, umeota kwenye utando unaoshikilia utumbo. Wangenipasua wautoe. Ukiwa umeng'ang'ania utumbo, wangekata na kipande cha utumbo.

Baba, ambaye amechinja mbuzi maisha yake yote, alifikiri kidogo. "Ni ule utando tunaouachanisha kwa vidole?"

"Huohuo, mzee."

"Basi usiwe na haraka, daktari. Ukivuta, utumbo unachanika."

Daktari akacheka. "Sitavuta, mzee."

Katika usingizi wa dawa niliota natembea ukingoni mwa bwawa lile, na maji yakipungua taratibu. Nilipozinduka, baba alikuwa ameushika mguu wangu.

"Mfuko umetoka mzima," alisema. "Utumbo hawakuukata. Wamenionyesha. Maji meupe kabisa."

Nyumbani mama aliniangalia nilivyokonda, akaguna, akabandika sufuria. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuzunguka, sikuuliza basi la asubuhi linaondoka saa ngapi.