Walioegemea Gari la Kakule

Mwaka wa themanini na nane Nabangala alikuwa na gari. Pijo nyeupe ya milango minne, yeye ameegemea mlango wa mbele, mkono mmoja kiunoni, wa pili umelala juu ya paa kama mkono wa mtu aliyezoea. Ushahidi ni picha. Ilisafiri kwa basi kutoka Kampala hadi Bungoma ndani ya bahasha ya kaki, ikapokewa na mama yake, ikatundikwa ukutani juu ya redio. Tangu siku hiyo Nabangala, yule binti aliyekwenda Uganda vita vilipoisha tu, wakati watu wenye akili zao walikuwa bado wanatoka, akawa mtu wa kutajwa kwa heshima hata na wake za wazee wa kanisa.

Ukweli ni kwamba gari hakuwa nalo. Alikuwa na kikaango, jiko la mkaa na kibao cha kusukumia chapati pale njia panda ya Kabalagala. Gari lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara, hatua nne kutoka jikoni kwake, na mpiga picha mmoja wa kutoka Zaire, jina lake Kakule, alikuwa na mazoea ya kuwasimamisha wateja hapo.

"Egemea kidogo, mama," alimwambia siku hiyo. "Usicheke. Mwenye gari hachekicheki."

Nabangala akaegemea. Hakucheka. Na kwa kuwa kalamu na yeye hawakupatana tangu utotoni, akamwomba mtu amwandikie nyuma ya picha: Hili ni gari langu, salamu kwa wote.

Kumbe alikuwa amejitafutia kazi. Nasike, mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, aliuliza kwa barua viti vyake ni rangi gani. Nabangala akajibu, vyekundu. Akaulizwa mbona haji nalo Krismasi. Akajibu, liko kwa fundi. Gari likakaa kwa fundi miaka mitatu, fundi gani huyo, hadi Nabangala mwenyewe akachoka. Akaligongesha. Lori la ndizi, njia ya Jinja, gari limekwisha kabisa, yeye katoka bila hata mkwaruzo. Habari zilipofika nyumbani mama yake aliitisha ibada ya shukrani na kuchinja majogoo wawili. Mama huyo alifariki miaka mingi baadaye, picha ikiwa bado juu ya redio, na Nabangala akala kiapo kwamba habari za gari lile atakwenda nazo kaburini.

Angekwenda nazo vizuri tu kama Blandine asingefagia chini ya kitanda.

Blandine ni binti yake Kakule, amezaliwa Kampala hii hii. Baba yake amezeeka, masikio yamekuwa mazito, kamera aliiweka zamani. Chini ya kitanda cha mzee msichana akakuta sanduku la filamu, barabara za mji kuanzia vita vilipoisha. Akazipeleka zikachapishwa kubwa kubwa, kila moja kama sinia la pilau. Akaomba ukumbi wa kanisa pale Kabalagala, Jumamosi alasiri, kisha akapita nyumba kwa nyumba akiwaalika wazee.

"Jajja, bibi yangu, uje utusaidie," alimwambia Nabangala. "Mji wote umebadilika. Sisi hatujui nani ni nani wala wapi ni wapi. Nyinyi mtasema, mimi nitaandika chini ya kila picha."

"Picha zote za baba yako?"

"Zote."

"Na zile za... watu binafsi?"

"Hizo ndizo tamu, jajja."

Nabangala alisema magoti yanamuuma. Lakini wiki hiyo hiyo Nasike alikuwa amekuja kumtembelea kutoka Bungoma, mwalimu mstaafu, miwani yake inaning'inia kifuani kwa mnyororo, na Nasike akasema picha za zamani si za kukosa, magoti yatapakwa mafuta. "Labda tutaliona na gari lako, dada," akasema akichovya mkate ndani ya chai.

Nabangala akasukuma kikombe chake kando. Miaka sabini na miwili ameishi, vita ameviona, wanaume wawili amewazika, halafu aje aumbuliwe na sinia la picha mbele ya mdogo wake, ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kutembea? Mdogo ambaye hadi leo humsogezea kiti bora? Haiwezekani. Jumamosi akavaa gomesi yake pana kuliko zote, ile ya mabega yaliyosimama, akamwambia Nasike amfuate polepole, akatangulia. Nia yake ilikuwa moja: kuing'oa ile picha.

Aliiona alipoingia tu. Ukuta wa kulia, karibu na dirisha. Yeye mwenyewe, mwembamba kama ufagio, mkono juu ya paa. Nyingine hakuzitazama. Juu ya ukuta huo Blandine alikuwa amebandika herufi kubwa za karatasi nyekundu. Nabangala angeweza kuzisoma, kumradhi, lakini kwa mwendo wake angemaliza baada ya Pasaka. Akaamua zinasema Karibuni. Akashika picha kwenye pembe, akavuta. Haikutoka. Akavuta tena. Msichana alikuwa ameigundisha kwenye ubao kwa gundi ya mafundi seremala.

Sauti ya Nasike ikasikika mlangoni, akiwasalimu watu. Nabangala akageuka upesi, akabandika mgongo wake kwenye picha, akatandaza gomesi huku na huku.

Nasike akaingia. Akavaa miwani, akatazama zile herufi nyekundu juu ya ukuta, akatabasamu peke yake, kisha akaenda kuketi mstari wa mbele. Nabangala alidhani anaisifu dari.

"Jajja, kiti hiki hapa," Blandine alisema.

"Nimekaa vya kutosha tangu nizaliwe. Leo nasimama."

"Na magoti?"

"Magoti ni yangu."

Blandine akashangaa, lakini si kwa ajili yake tu. Mzee Oloo, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye feri za mabehewa kule Port Bell, sasa mzee wa kanisa mwenye tai, naye alikuwa amesimama wima penye ukuta huo huo, mgongo ukutani, kofia kaishika kifuani. Alikuwa hapo tangu ukumbi ulipofunguliwa. Hatua tatu kando yake Mama Akwero, mshonaji wa sare za shule, amejibanza na mwavuli wazi. Mwavuli, ndani ya nyumba.

"Joto," alisema Mama Akwero alipotazamwa.

Shughuli ikaanza. Blandine alikuwa akinyanyua picha za meza kuu moja moja, watu wanasema. Hapa ndipo ulipokuwa moyo wa Nabangala, maana hakuna aliyeijua Kabalagala kumpita, na makosa ya watu yalimwasha kama upupu. Lakini kutoka pale ukutani hakuweza. Basi akawa anarusha masahihisho kutoka mbali, kama refa.

"Hawa ni wanafunzi wa Kyambogo," mtu mmoja akasema, "wamebeba magodoro wanahama."

"Hawahami! Wanaenda kuyaanika! Kulikuwa na kunguni mwaka ule, kunguni wa kijeshi!"

Ukumbi ukacheka. Picha nyingine ikanyanyuliwa: shimo katikati ya barabara, watu wamelizunguka. "Hili lilikuwa bwawa la samaki," akasema kijana fulani, mwenye hoteli.

"Bwawa la mama yako! Hiyo ni barabara ya Ggaba! Lori la bia liliingia humo Jumatatu likatoka Alhamisi, na lilipotoka kreti zilikuwa tupu. Muulize Oloo, alikuwa mmoja wa waokoaji."

"Niliokoa chache," Oloo alikiri kutoka ukutani kwake.

"Na pale penye klabu yenye taa za kijani?" aliuliza Blandine, akiandika mbio.

"Palikuwa na kuku. Kuku wa mama mmoja wa Masaka. Walikuwa wakilala mapema, si kama waliopo sasa."

Oloo ndiye aliyeharibu mambo. Yule mzee alikuwa na ugomvi wa zamani na Nabangala kuhusu chapati moja iliyokuwa na jiwe, mwaka wa tisini. Blandine aliponyanyua picha ya njia panda asubuhi, moshi unapanda, mwanamke ameinama juu ya jiko, Oloo alikohoa.

"Huyo," akasema, "ni yule mama wa Jinja. Ndiye aliyekaanga chapati ya kwanza Kabalagala. Kabla yake hapakuwa na mtu."

Nabangala alisikia damu ikipanda. Alijiambia, simama. Ni mtego. Acha apite.

"Mama wa Jinja," Oloo akarudia pole pole. "Chapati zake zilikuwa laini. Hazikuwa na mawe."

Basi. Mwanamke aliyestahimili mabomu hawezi kustahimili hilo. Nabangala alikata ukumbi kama meli, gomesi inavuma, akafika mezani, akapiga kidole juu ya picha.

"Mama wa Jinja alikuja mwaka wa tisini na mbili! Na alikuwa anauza mandazi! Hiki kitambaa cha kichwa ni cha nani? Hiki kisigino kilichopasuka ni cha nani? Nivue kiatu?"

"Usivue, jajja," Blandine alimwomba.

"Chapati ya kwanza nilikaanga mimi! Kabla hawajaanza kukunja mayai ndani na kuita roleksi! Andika!"

Akavuta pumzi, ameshinda. Ndipo akagundua kwamba hakuna anayemtazama. Wote wanatazama ukuta alioutoka. Na Nasike amesimama mbele ya ile picha, miwani puani.

Nabangala alitamani sakafu impokee. Akafungua mdomo atoe maelezo, kwamba hilo ni gari lingine, kwamba huyo ni mtu mwingine, lakini mlango ulifunguliwa akaingia mzee Kakule mwenyewe, kwa fimbo, suti ya kahawia.

"Mutoke pale!" aliwafokea Oloo na Mama Akwero. "Munasimama mbele ya kazi yangu!"

Mama Akwero akafunga mwavuli. Oloo akasogea kiungo kimoja kimoja. Na ukuta mzima ukaonekana.

Pijo nyeupe. Oloo ameegemea, kifua mbele, funguo za kabati la feri zinaning'inia kidoleni. Pijo nyeupe. Akwero ameegemea, miwani ya jua. Pijo nyeupe, bwana harusi asiyejulikana. Pijo nyeupe, mapadri wawili. Watu kumi na mmoja, mlango mmoja, na hakuna aliyecheka.

"Nasike, nisomee," Nabangala alisema kwa sauti ndogo. "Pale juu pameandikwa nini?"

"Gari la Kakule," Nasike akasoma.

"Oloo!" Mama Akwero akamgeukia. "Si uliniambia uliliuza kwa balozi?"

"Na wewe si ulisema la marehemu mumeo?"

"Haikukuwa ya mutu," alisema Kakule, akijiketisha. "Ile motokari ilikuwa maiti. Vita viliiacha pale. Haina moteri, haina viti." Akaelekeza fimbo kwenye picha ya mwisho, pembeni, ambayo hakuna aliyekuwa akiilinda. "Ile niliipiga ngambo ya pili, kwa kumaliza filamu tu."

Upande wa pili gari halikuwa na magurudumu. Lilikaa juu ya matofali. Mbuzi alikuwa amelala mahali pa dereva, na nyuma, mlango ukiwa wazi, gunia la mkaa na magunia mawili ya unga.

Ukumbi ulicheka hadi Oloo akaketi kwa mara ya kwanza tangu saa saba. Nabangala hakucheka. Alimwendea mdogo wake.

"Viti havikuwa vyekundu," alisema.

"Najua, dada."

"Unajua tangu leo?"

"Tangu themanini na nane. Mwezi mmoja baada ya picha yako, Wandera wa ng'ambo ya mto akatuma ya kwake. Gari hilo hilo, namba hiyo hiyo. Kisha mtoto wa mchungaji. Mama akasema, gari gani hili linaendeshwa na kata nzima?"

"Na ile ibada? Wale majogoo?"

"Alishukuru kwamba limekufa. Majirani walikuwa wamemchosha, kila siku lini linakuja."

Nabangala alitafuta kiti. Nasike akamsogezea kilicho bora, kama kawaida.

"Kama alijua, picha aliiacha ukutani ya nini miaka yote?"

Nasike alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya leso. "Kila Jumapili alikuwa akiishusha. Redio ilikuwa imesema Kampala watu wamekwisha. Basi anakuhesabu. Mikono miwili, miguu miwili, masikio yote yapo. Anairudisha. Gari sidhani kama aliliangalia mara ya pili."

Nabangala akageuza kiti kuelekea ukuta. Alitazama ile picha, yule mwembamba kama ufagio, na midomo yake ikaanza kusogea. Ukimtazama vizuri ungesema anahesabu.

Blandine akaja na kalamu yake, pole pole, kama mtu anayemkaribia ng'ombe mwenye ndama. "Jajja, niandike nini chini ya yako?"

"Lete hiyo kalamu."

Akainama, akaandika mwenyewe jina lake. Ilichukua muda, na ukumbi ukasubiri, na herufi ya mwisho ilitoka nje ya karatasi ikaishia ukutani. Kisha akamrudishia kalamu.

"Nimechoka. Malizia wewe. Andika, na gari lake."

"Dada!" Nasike akasema.

"Dada nini? Mle ndani mlikuwa na unga wa nani? Wa Oloo? Wa mapadri? Mkaa wa nani? Mtu ambaye unga wake unalala ndani ya gari, gari ni lake." Akamgeukia Oloo, aliyekuwa anajifuta machozi kwa tai. "Na chini ya huyu andika, abiria."