Matawi ya Michikichi Yaliyotupeleka Kwa Wenyewe

Mkinicheka chekeni tu, maana hata mimi hadi leo nikikumbuka najifunika uso, ila mkikutana na Papa Furaha msimuulize habari hii, nawaomba. Papa Furaha ni baba wa mchumba wangu Furaha (wakati ule Papa hajanikubali bado), alikuja Kisangani kutoka Bukavu kumsalimia binti yake, lakini sote tulijua kwamba alikuja kunipima mimi. Siku ya pili akasema angependa kuyatazama maporomoko ya maji kutoka kule juu, msituni. Nikadakia, "Papa, ile njia naijua kama nyumba yetu!" Kumbe sijakanyaga huko hata siku moja, mimi ni fundi cherehani wa Mangobo, msitu nauonea mbali.

Basi tukashuka kwenye pikipiki, tukaingia msituni, mimi mbele na shati jeupe (shati jeupe, jamani, kwenye tope!), yeye nyuma na fimbo yake, maji yananguruma mara kushoto, mara kulia, mara nahisi yako nyuma yetu, na hapo hapo njia ikagawanyika. Nikainama kama nafunga kamba ya kiatu. Mama mmoja alipita na kikapu cha mihogo, ningemuuliza, lakini ningemuulizaje mbele ya Papa njia niliyojisifia? Ndipo nikaona kushoto matawi ya michikichi yamesimikwa huku na huku, mabichi kabisa. Nikajiambia, wamewapambia wageni wa maporomoko. (Mtoto wa Kisangani mzima, ninayejua kwamba matawi hayo husimikwa penye sherehe au penye kilio!)

"Ni huku, Papa."

Mara vigelegele! Tumetokea kwenye kijiji cha wavuvi, viti vimepangwa, akina mama wanatandika vitenge chini ili Papa akanyage, mimi nawekwa kiti cha mbele, na sielewi kitu, nafikiri labda watalii ndivyo wanavyopokewa. (Walikuwa wanangoja watu wa kuposa kutoka Opala, ambao wengi wao hawajawahi kuwaona.) Mzee wao akasimama.

"Bon, bageni yetu, mulikuja kutafuta nini hapa kwetu?"

"Tunatafuta njia ya maporomoko," nikasema.

Wakacheka, wakapiga makofi, maana kwenye posa hakuna anayetaja shida yake waziwazi, wakadhani ninazunguka kwa ufundi. Papa akaninong'oneza, "Hapa ni wapi?" Nikajifanya sijamsikia, masikio yamejaa ngurumo ya maji na vigelegele. Kisha akaletwa binti aliyefunikwa kitenge, wakamfunua.

"Mutoto yetu, huyu mwanaume unamujua?"

Akanitazama kuanzia tope la viatu hadi kichwani. "Papa, simujue. Wangu iko wapi?"

Papa Furaha akainuka na fimbo yake.

"Alors! Unanileta kuona maji, kumbe unataka nikuombee bibi mwingine?"

Nikapiga magoti, Furaha namwona anaondoka mikononi mwangu hivi hivi. Wakati huohuo ngoma zikasikika njiani, watu wa Opala wakaingia, na bwana harusi amevaa shati jeupe kama langu, ila lake safi. Ikabidi niseme mbele ya koo mbili na Papa wa Bukavu kwamba njia siijui, sijawahi kuijua, niliogopa kuuliza. Yule mzee alicheka hadi machozi.

"Ya maporomoko ilikuwa ya kuume. Bon, mukae kwanza, mukule samaki."

Tukala. Wakati wa kurudi Papa akatangulia mwenyewe, mvua ikatunyeshea, maporomoko tukaishia kuyasikia tu. Nilikuwa nimeshakata tamaa kabisa. Tulipofika barabarani akasimama, akakamua kofia yake.

"Siku utakuja kumuomba Furaha, sitaweka matawi ku mulango. Utauliza batu njia. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Tangu siku ile, hata nikitumwa soko la Mangobo, mtaani nilikozaliwa, nauliza njia.