Swichi ya mlango wa uani: taa moja ya ngazi, sehemu tatu, na mama mkwe aliyekataa kuhama

Salaam wakuu wa jukwaa hili.

Leo sina swali. Nimekuja kueleza kazi niliyoifanya kwa mikono yangu, na nitaieleza kama ilivyokuwa, pamoja na pale nilipokosea.

Mnijue kwanza. Mimi si fundi umeme wa cheti. Natengeneza cherehani hapa Wete. Umeme nimejifunza kwa kusoma na kwa kufungua vitu vilivyokwisha kufa, maana hivyo havina cha kupoteza.

Nyumba yenyewe ni ya wakwe zangu. Ni ya zamani, ya ghorofa moja, ilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi kabla haijanunuliwa na marehemu baba mkwe.

Mbele kuna ukumbi, wanaume na wageni wanakaa hapo. Nyuma kuna uani, na wanawake wanaingilia huko. Katikati ni ngazi ya mawe isiyo na dirisha. Hata jua la adhuhuri halifiki.

Aliyejenga aliliona hilo. Aliweka taa moja ya ngazi na swichi tatu: moja ukumbini, moja mlango wa uani, moja juu. Unawasha popote, unazima popote.

Maana yake mwanamke akitoka uani anawasha taa yake na kupanda, bila kukatisha mbele ya wageni wa kiume. Kwetu hilo si jambo dogo.

Mwaka jana ile swichi ya uani ikavunjika. Ilikuwa ya kizamani, duara, ya rangi ya kahawia, na nyuma ina skrubu nne. Nyingi mnazozijua zina mbili au tatu.

Akaitwa fundi. Akafanya kazi, taa ikawaka, wanaume ukumbini wakamshukuru, akaenda zake.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanaisha, akasema swichi yake ya uani haifanyi kitu. Akaambiwa, "Mama, taa si inawaka?"

Wakuu, inawaka kwa anayeingilia mbele.

Mama anasomesha wasichana Kurani huko juu. Macho yake yamepungua. Kwa miezi kadhaa alipanda ngazi ile kwa kupapasa ukuta, mpaka siku moja akakosa kidato. Alhamdulillahi, mkono tu uliteguka.

Mtoto wake wa kiume, shemegi yangu Hamadi, yuko Unguja. Akapiga simu: nyumba ile haimfai tena mama, anakuja Jumamosi kumchukua.

Mama akaniita. Nilikaa ukumbini, yeye yuko nyuma ya pazia.

"Baba Salma, mie Unguja nikafanye nini? Nikae dirishani nihesabu magari? Wanafunzi wangu niwaachie nani?"

Nikamwambia, "Mama, nipe nafasi niitazame hiyo taa."

"Itazame. Lakini safari hii itazame kwangu, usiitazame kwao."

Maneno hayo yaliniingia, kwa sababu nilikuwa nimeshapanga kuanza na swichi ya ukumbini. Uani kulikuwa na wanawake wanachambua karafuu na mimi niliona haya kuingia. Nilikuwa nakwenda kulekule alikokwenda yule fundi.

Basi nikaomba wanipishe. Mke wangu akawahamishia jikoni, nikaingia.

Hatua ya kwanza: nilizima meinswichi, nikachomoa fyuzi na kuitia mfukoni. Kuzima peke yake hakutoshi kwenye nyumba yenye watu. Mtu atakuja kuchaji simu, ataona umeme hakuna, atawasha. Fyuzi iwe mfukoni mwako.

Nikafungua swichi ya uani. Ilikuwa mpya, nyeupe, inang'aa. Nyuma yake hakuna waya hata mmoja.

Waya nne zilikuwa ndani ya ukuta, zimeunganishwa mbilimbili na kuviringishwa tepu. Swichi ilikuwa pambo.

Nilimpigia yule fundi, si kwa ugomvi, nilitaka kujua. Akanijibu bila kuficha:

"Mzee, mie niliambiwa na wenyewe ukumbini, taa iwake. Ikawaka. Uani nilipitishwa mbiombio, nikaambiwa fanya utoke, kuna watu. Ningemuuliza nani?"

Wote waliohakikisha kazi ile walikuwa ni wanaume, na hakuna hata mmoja anayetumia mlango ule.

Sasa somo kidogo. Swichi ya ukumbini na ile ya juu ni za two-way, zina skrubu tatu. Baina yao zinapita waya mbili. Ukitaka swichi ya tatu, lazima ikae katikati ya hizo waya mbili, na iwe aina inayoitwa intermediate, yenye skrubu nne. Kazi yake ni moja: mkao mmoja inapitisha waya moja kwa moja, mkao wa pili inazivusha, huyu aende kwa yule.

Two-way haiwezi kazi hiyo. Msilazimishe.

Nikaenda madukani. Muuza vifaa mmoja mzee akacheka:

"Ya feni ninayo, ya kengele ninayo, hata ya jiko ninayo. Hiyo yako ya miguu minne sijaishika tangu marehemu baba yuko hapa kaunta. Agiza Unguja."

Unguja. Na mtu wetu Unguja ni Hamadi.

Mke wangu akampigia, akaweka sauti ya nje.

"Nilete swichi?" Hamadi akasema. "Mie nakuja kumchukua mama, weye waniagiza swichi?"

Mama akaichukua simu. "Hamadi, lete. Ukifika nayo, mume wa dada yako aifunge. Isipowaka kwangu, napanda meli na weye, sisemi neno. Ikiwaka, hilo jambo la kuhama usinitajie tena."

Hamadi akasema, "Haya mama."

Jumamosi akafika nayo. Akanikabidhi mkononi, akasema, "Shemegi, mie simwombei mama mabaya. Lakini sitaki kupigiwa simu kwamba kavunjika nyonga."

Nilimwelewa. Hakuwa adui.

Waya mbili zilitoka kwenye bomba la ukumbini, mbili kwenye bomba linalopanda juu. Zote zimepauka, rangi haisomeki. Nilizifunga zile za ukumbini uzi mweupe wa cherehani kabla sijatenganisha chochote. Kisha nikafunga kama mchoro niliousoma: za ukumbini skrubu za juu, za ghorofani skrubu za chini.

Nikarudisha fyuzi.

Swichi ya uani ikiwa mkao mmoja, ukumbini na juu zinafanya kazi. Ikiwa mkao wa pili, taa imekufa, bonyeza utakacho.

Hamadi akatazama saa. "Mama, funga mzigo."

"Sijaitwa mie," mama akajibu kutoka jikoni. "Mwenye kazi hajasema kamaliza."

Nikachomoa fyuzi tena. Nikaitoa swichi, nikaiweka mezani. Nina kipimo changu cha betri mbili na glopu ya tochi. Nikapima skrubu moja na nyingine, mkao wa kwanza, kisha mkao wa pili.

Jibu likatoka. Skrubu za juu zote mbili zilikuwa zinakutana katika mkao wa pili. Jozi za swichi hii ni za ubavuni, kushoto na kulia, wala si juu na chini kama mchoro wangu. Nilikuwa naunganisha waya za ukumbini zenyewe kwa zenyewe.

Kanuni niliyoipata, na iandikeni: skrubu mbili ambazo hazikutani katika mkao wowote, hizo ndizo jozi. Waya za upande mmoja zikae hapo. Kila kampuni ina mpangilio wake, kwa hiyo pima swichi uliyoishika mkononi.

Nikahamisha waya mbili tu. Fyuzi ikarudi.

Sikujaribu mimi, wala sikumwachia Hamadi. Nilitoka uani nikamwita mama.

Akaja na msahafu wake kwapani. Akabonyeza, ngazi ikajaa mwanga. Akapanda taratibu mpaka juu, akazima. Akawasha. Nikamwomba Hamadi azime ukumbini, akazima. Mama akashuka? Hapana, aliwasha tena kwanza, ndipo akashuka. Tulizungusha hivyo mpaka kila mkao ukapita.

Hamadi alisimama chini ya ngazi anatazama glopu.

"Meli yako saa ngapi?" mama akamuuliza.

"Bado, mama."

"Basi pita huku uani, ule chakula. Uuzoee mlango wangu."

Akapita.

Nilichojifunza, wakuu: kazi ya umeme inakwisha pale anayeitumia anapobonyeza mwenyewe na kuridhika. Kama mwenyewe yuko uani, tafuta njia ya heshima ya kumfikia, muulize, kisha umwite ajaribu.

Wenye uzoefu wa nyumba za karibu na bahari: skrubu za intermediate zinashika kutu haraka? Mnapaka nini? Na kama nimekosea mahali kwenye maelezo, nisahihisheni hapahapa ili atakayesoma asipotee.